Kitenzi Kinachomficha Mtenda

Tunapowaonya vijana kuhusu vyombo vya habari, huwaonya juu ya uongo. Lakini habari yaweza kuwa ya kweli na bado ikaegemea upande. Linganisha: "Mgambo wabomoa vibanda vya machinga" na "Vibanda vya machinga vyabomolewa." Tukio ni moja, ila katika sentensi ya pili aliyebomoa ametoweka. Ukiandika "vyabomoka", vibanda vimeanguka vyenyewe. Na ukiwaita machinga "wavamizi wa barabara", msomaji ameshawahukumu kabla hajafika aya ya kwanza. Wanafunzi wetu hufundishwa kauli ya kutenda, kutendwa na kutendeka ili wajibu mtihani. Ni nadra kuonyeshwa kwamba kwa kauli hizo hizo habari hupindwa.

Wengine watasema kizazi kilichokulia kwenye simu hakihitaji somo hili. Ushahidi unakataa. Katika ripoti ya 2019, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walieleza walivyowapa wanafunzi 3,446 wa sekondari video iliyodaiwa kuonyesha wizi wa kura nchini humo, huku wakiwa na intaneti mkononi. Video ilipigwa Urusi. Asilimia 52 waliiona kuwa ushahidi mzito. Waliofuatilia hadi kugundua chanzo chake walikuwa watatu tu. Kuizoea simu ni jambo moja, kupima yaliyomo ni jingine.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: kijana akifundishwa kushuku, hataamini chochote, na asiyeamini chochote hunaswa kirahisi na mzushi. Ni kweli, kama somo litaishia kwenye kushuku. Kupima ni kazi tofauti: nani kasema, nani hakuulizwa, gazeti jingine limeripotije, na je, ningeikubali habari hii kama ingemsema mtu wa upande wangu? Swali hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote, hata kwa watu wazima. Na asiseme mtu kwamba uchaguzi wa vitenzi na majina ni mambo madogo ya sarufi. Mwaka 1994 redio RTLM ya Rwanda iliwaita Watutsi "inyenzi", yaani mende, na watu wakauawa kwa jina hilo.

Mwalimu wa Kiswahili, kipindi kijacho ingia darasani na magazeti mawili ya siku moja. Waulize wanafunzi: katika vichwa hivi vya habari, mtenda yuko wapi?