Jando la Ng'ambo: Malezi ya Watoto wa Wamisionari

Bruno Gutmann alifika Kilimanjaro mwaka 1902, ametumwa na Misheni ya Leipzig kuhubiri. Alipoondoka moja kwa moja mwaka 1938 alikuwa ameandika karibu kila neno aliloambiwa na wazee wa Kichagga: sheria za ardhi na mirathi, mahari, viapo, hata mafundisho wanayopewa vijana jandoni. Kitabu chake kinene cha sheria za Wachagga kilichapwa mwaka 1926, na yale mafundisho ya jando yakajaza mabuku matatu mengine. Hakuwa peke yake. Kila kituo cha misheni kilikuwa na mtu wa daftari, anayeuliza mtoto huachishwa ziwa lini, nani humwita nani mjomba, na kwa nini mwali hufichwa.

Hakuna aliyempa mzee wa Kichagga wa Old Moshi daftari, akamwambia akae barazani kwa Bwana Misheni aandike jinsi watu wale wanavyolea watoto wao. Angepewa, angejaza kurasa nyingi, kwa sababu nao walikuwa jamii yenye mila zake na miiko yake. Nasema walikuwa jamii kwa maana yake kamili: waliozana wao kwa wao, walirithishana kazi, waliishi kwa kanuni za kamati ya misheni iliyokuwa mbali, na watoto wao walilelewa kwa namna ambayo jirani yao Mwafrika hakuiona kokote kwingine, wala ndugu zao waliobaki Ulaya hawakuielewa.

Tuwatenge kwanza wasiohusika. Mapadri wa Kikatoliki hawakuwa na wake, na Misheni ya Vyuo Vikuu kule Zanzibar na Masasi ilipendelea watumishi wasio na ndoa. Habari hii ni ya Waprotestanti waliokuja na wake zao: Waanglikana wa CMS (Church Missionary Society), Walutheri wa Leipzig, Wamoraviani wa Rungwe, Wamarekani wa African Inland Mission.

Kwao mambo yalianza na makaburi. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyeajiriwa na CMS, aliingia Mombasa mwaka 1844 na mkewe Rosine, ambaye alikuwa mjamzito. Walikuwa wamekwisha kumzika mtoto mmoja njiani huko Uhabeshi. Mwezi wa Julai Rosine alijifungua binti, na kabla mwezi haujaisha mama na mtoto wote walikuwa wamekufa kwa homa. Walizikwa ng'ambo ya kisiwa, upande wa bara. Krapf, naye akiwa mgonjwa, aliiandikia kamati yake kwamba kaburi lile ni ishara kuwa kazi katika sehemu hii ya dunia imeanza. Nimeyasoma maneno hayo mara nyingi na bado yananishtua. Mama wa Kimijikenda wa wakati ule angeuliza: ikiwa nchi imekuzikia mke na watoto wawili, si ndiyo inakuambia urudi kwenu? Lakini katika jamii ile kaburi la mtoto lilihesabiwa kuwa mbegu, na aliyekwisha kuzika hakutarajiwa kuondoka. Kusini mwa Afrika, David Livingstone alimzika binti yake Elizabeth mwaka 1850, mtoto wa wiki chache tu, baada ya kuipitisha familia nzima jangwani hadi Ziwa Ngami. Mwaka uliofuata akaichukua tena safari ya namna ileile, mkewe akiwa na mimba nyingine. Mama mkwe wake, Bibi Moffat wa Kuruman, alimwandikia barua ya ukali. Alikuwa na haki yote, maana yeye mwenyewe alikuwa mke wa mmisionari na alijua gharama zake.

Watoto waliopona walikua wakizungukwa na tahadhari. Maji yachemshwe, maziwa yachemshwe, chandarua kishushwe kabla jua halijazama, kwinini imezwe hata kama mtoto ataitapika. Kubwa kuliko zote ilikuwa kofia. Wazungu wa enzi hizo waliamini kabisa kwamba jua la tropiki linapenya fuvu na kuharibu ubongo wa mtoto mweupe, basi mtoto wa misheni hakuruhusiwa kuvuka ua bila kofia ile ngumu ya kizibo. Kofia yenyewe ilikaa kichwani mpaka pale mama asipoona.

Nguo zilitoka kwenye makasha. Akina mama wa makanisa ya Ulaya na Marekani walikusanya magauni na makoti yaliyotumika, wakayafunga na kuyapeleka bandarini, na yalipofika mtoto alikuwa amekwisha kukua kupita kipimo alichotumiwa. Wamisionari wote wa kituo waliitwa shangazi na mjomba, hata wale ambao baba hakupatana nao, kwa sababu mashangazi wa damu walikuwa picha ukutani. Na kila baada ya miaka kadhaa ilikuja likizo, ambayo haikuwa na mapumziko ndani yake. Familia ilizungushwa kanisa hadi kanisa kuwashukuru wafadhili, na mtoto akasimamishwa mbele, amevikwa shuka au shanga, aimbe wimbo wa Kiswahili kwa watu wasiojua kama amekosea maneno. Wengi waliopitia hayo wanasema hapo ndipo walipoanza kujiona maonyesho.

Lakini maisha yenyewe ya mtoto hayakuwa sebuleni. Yalikuwa nyuma ya nyumba, jikoni, mgongoni kwa yaya. Mama Misheni alikuwa na shule ya wasichana, zahanati, darasa la ushonaji na wageni wasiokwisha. Aliyemlaza mtoto, akambeba, akamwimbia na kumtisha kwa zimwi alikuwa mwanamke wa kijijini. Ndiyo maana mtoto alisema Kikikuyu au Kichagga au Kinyakyusa vizuri kuliko baba yake aliyekuwa akitafsiri Injili mezani kwa msaada wa kamusi. Baba alijifunza lugha ili aifundishie. Mtoto aliipata pamoja na kucheza, kuzomewa na kusutwa. Katika habari za yaya huyu vitabu vya misheni vimetufanyia choyo. Yumo kwenye picha, amesimama pembeni na mtoto mkononi, na chini yake pameandikwa jina la mtoto peke yake.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa Kabete, karibu na Nairobi. Harry na Mary Leakey wa CMS walikuwa wakiishi huko katika nyumba ya udongo na nyasi iliyovuja wakati mwana wao Louis alipozaliwa Agosti 1903. Inasimuliwa kwamba wazee wa Kikikuyu walipokuja kumtazama walimtemea mate kidogo, kama wanavyombariki mtoto wao, na wazazi wale Waingereza walikuwa na busara ya kutokuzuia. Louis alipata rika la Mukanda kama wenzake wa Kikikuyu, akapewa jina la Wakuruigi, na akajijengea kibanda chake mwenyewe kama kijana yeyote aliyetoka utotoni. Kisha mwaka 1919 akapelekwa shule ya bweni kusini mwa Uingereza. Kijana aliyekuwa na nyumba yake na rika lake akajikuta anaambiwa saa ya kulala na kuomba ruhusa kwenda dukani.

Hapo tumefika kwenye kiini cha mila zao. Wamisionari wengi walipiga vita jando na unyago kwa sababu nyingi, baadhi zikiwa za haki. Mojawapo ilikuwa kwamba mtoto anachukuliwa kutoka kwa mama yake, anawekwa msituni na watu wazima wasio wazazi wake, anafundishwa kwa ukali na kuapishwa asiseme. Basi tazama walichowafanyia watoto wao wenyewe. Wamoraviani, walioingia Rungwe mwaka 1891, walikuwa na desturi ya miaka mingi: mtoto wa mmisionari akifikia umri wa kuanza shule, miaka sita au saba hivi, anasafirishwa kwenda Kleinwelka, Saksonia, kwenye nyumba ya malezi ya kanisa. Humo walikutana watoto kutoka Labrador, Suriname na Afrika. Misheni ya Basel ilikuwa na nyumba ya namna hiyo Uswisi. Waingereza walikuwa na shule mbili karibu na London, ya wasichana iliyoanzishwa 1838, Walthamstow Hall, na ya wavulana ya mwaka 1842 iliyokuja kuitwa Eltham College.

Sababu zilizotolewa zilikuwa homa na elimu. Sababu isiyosemwa kwa sauti ilikuwa hofu kwamba mtoto akizidi kukaa atakuwa mtu wa huku. Jando la Wachagga lilikuwa na mwisho, na mama alijua siku ya kumpikia mwanawe atokaye. Jando hili la ng'ambo lilichukua miaka saba, kumi, wakati mwingine zaidi, na barua ya meli ilikula wiki nyingi kwenda na nyingi kurudi, mpaka ndege za barua zilipoanza kufika Ziwa Victoria mwaka 1931. Mama alimwandikia mtoto wa miaka sita, jibu likaja limeandikwa na mtoto aliyekwisha kung'oka meno ya mbele.

Mmoja wa watoto walioachwa hivyo ni Marie Gundert, aliyezaliwa Malabar, India, mwaka 1842. Baba yake, wa Misheni ya Basel, ndiye aliyeitungia lugha ya Kimalayalamu kamusi inayosifiwa hadi leo. Marie aliachwa Ulaya akingali mdogo sana, wazazi wakarudi kazini, na alipowaona tena alikuwa msichana wa kuolewa. Mwanawe ni Hermann Hesse, mwandishi aliyepata Nobel, ambaye naye maisha yake yote aligombana na dini ya nyumba aliyokulia. Simlaumu Gundert kwa kamusi. Nashangaa tu kwamba mtu mwenye subira ya kukusanya kila neno ambalo mama wa Malabar humwambia mtoto wake alikosa nafasi ya kumwambia wake.

Karne ya 20 ilipunguza umbali. African Inland Mission ilianzisha Rift Valley Academy mwaka 1906 huko Kijabe, ukingoni mwa Bonde la Ufa, na mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa amestaafu urais na kuja kuwinda, aliweka jiwe la msingi la jengo lake kuu. Walutheri wa Marekani wakawa na shule yao Kiomboi, Iramba. Sasa mtoto alikwenda bweni kwa treni au gari na kurudi nyumbani likizo. Wapo waliozipenda shule hizi kama ukoo wao wa pili. Wapo pia walioharibiwa humo. Kule Mamou, Guinea, watoto wa shule ya misheni waliteswa kwa miaka mingi, na barua zao kwa wazazi zilisomwa na walezi kabla ya kutumwa. Walinyamaza hadi utu uzima, kwa sababu walikuwa wamefundishwa kwamba kulalamika ni kuirudisha nyuma kazi ya Mungu. Dhehebu lao lilikubali kufanya uchunguzi mwishoni mwa miaka ya 1990, baada ya wao wenyewe kusukuma. Kiapo cha kutosema, basi, hakikuwa cha msituni peke yake.

Nini kilitoka katika malezi haya? Mwanasosholojia wa Marekani Ruth Hill Useem, aliyekuwa India miaka ya 1950, aliwaita waliolelewa hivi watoto wa utamaduni wa tatu: si wa nchi ya wazazi, si wa nchi waliyokulia, bali wa mahali wanapopajua wao tu. Muulize mmoja wao anatoka wapi, atakutazama kwanza apime unataka jibu refu au fupi.

Wengine walitumia walichokipata. Otto Raum, mwana wa mmisionari wa Leipzig, alizaliwa Kilimanjaro na kucheza na watoto wa Kichagga, na mwaka 1940 alitoa kitabu juu ya utoto wa Wachagga kinachoonyesha jambo ambalo Gutmann na wazee wake hawakuwa na jinsi ya kuliona vizuri, yaani watoto wanavyofundishana wenyewe, mbali na wakubwa, kwa michezo na kuigana. Daftari la mtu mzima huandika anayoambiwa na wazee. Raum alikuwa na kumbukumbu. Louis Leakey naye aliipeleka Cambridge lugha ya yaya wake na kuifanyia mtihani. Lakini lugha hiyohiyo ilimkalisha mwaka 1952 katika chumba cha mahakama Kapenguria kama mkalimani wa serikali katika kesi ya Jomo Kenyatta, na mawakili wa utetezi wakalalamika kwamba hafasiri bila upande. Mtu wa rika la Mukanda, ametumwa na dola kuwafasiria wenye rika zao. Sidhani kama kuna mahali pengine malezi ya Kabete yalipowekwa mezani wazi kiasi hicho.

Siku hizi safari zimegeuka. Makanisa ya Tanzania yaliyomo katika Umoja wa Misheni wenye makao Wuppertal, baadhi yakiwa watoto wa misheni za Kijerumani, hupeleka wachungaji wao Ujerumani, nao huenda na wake na watoto wadogo. Mtoto wa Kihaya anaanza chekechea huko, na kwa kawaida ya watoto hushika Kijerumani kabla baba hajamaliza kozi. Yeye ndiye anayemwambia mama daktari amesema nini, na ndiye anayecheka baba akikosea mimbarani. Yaya hakuna, maana mshahara hauruhusu, na shangazi wa damu yumo kwenye simu kila jioni akiuliza mbona mtoto hamsalimii. Akisalimia, anasema shikamoo kwa lafudhi ya Kijerumani.

Kamati haimwamrishi tena mtu amtenge mtoto wake, ila swali liko palepale mezani mkataba unapokaribia kwisha. Wakirudi, mtoto aliyeanza kusoma na kuandika kwa Kijerumani ataingizwa darasa gani Bukoba? Na bibi yake, kwa upande wake, hana mashaka: aletwe sasa, akae naye, afundishwe kipaimara kwa Kihaya, wazazi wafuate watakapomaliza kazi yao.