Njia ya faili na toni ya neno
Tukirekodi hadithi za Kisanga hapa Likasi, mmoja huandika programu ya kuzichambua kwenye Windows, mwenzake akaiendesha kwenye Linux, na kompyuta ikajibu kwamba faili hazipo. Sauti zipo, kilichosomwa vibaya ni njia.

Tangu MS-DOS 2.0 ya mwaka 1983, upande wa Windows hutenga folda kwa mshazari wa kinyume: sauti\kisanga. Mshazari wa kawaida ulikuwa tayari na kazi nyingine katika amri. Linux huandika sauti/kisanga; ule wa kinyume kwake ni herufi tu, hivyo husoma jina moja refu. Basi usiunganishe njia kwa mkono. Katika Python andika Path("sauti") / "kisanga", na pathlib itachagua alama ifaayo.

Mtego wa pili ni toni. Herufi á huweza kuhifadhiwa kama alama moja (U+00E1) au mbili: a pamoja na U+0301. Machoni neno ni lilelile. Kwa Linux ni majina mawili. Kwa hiyo jina la faili liwe jepesi, mathalani ks_014.wav, na toni ziandikwe ndani ya jedwali. Mzee aliyesimulia huenda asipatikane tena.