Katibu wa mtandaoni: kabla hujaacha kazi

Wasomaji kadhaa wametuuliza kuhusu ukatibu wa mtandaoni, yaani kujibu barua pepe, kupanga miadi na kuandaa ankara za wafanyabiashara ukiwa nyumbani. Hapa Uingereza, tangu Aprili 2017, pauni 1,000 za kwanza za mapato ya kujiajiri kwa mwaka hazitozwi kodi. Ukizidisha, jiandikishe HMRC kufikia Oktoba 5 baada ya mwaka wa kodi kwisha.

Sisi kodi haikutusumbua. Mteja wetu wa kwanza tulimfanyia kazi wiki tatu bila mkataba, akanyamaza na hela zetu. Siku hizi tunadai nusu kwanza, hata kwa Mswahili mwenzetu.

Wenye viza ya mwanafunzi wasijaribu: hairuhusu kujiajiri, hata saa mbili kwa wiki.