Kitenzi cha hu- katika Mswada wa Filamu

Mswada wa filamu ni maandishi yanayoandikwa ili yageuzwe kuwa kitu kingine. Anayeusoma kwanza ni mpiga picha, kisha mnasa sauti, kisha waigizaji, na kila mmoja wao hutafuta humo kazi yake ya siku ile. Kwa hiyo anayejifunza ufundi huu, iwe kwa sinema au kwa televisheni, hana budi kuiangalia upya sarufi aliyoizoea.

Kwanza jina lenyewe. Mswada ni andiko la kitabu ambacho hakijachapwa, na pia ni sheria inayopelekwa Bungeni kujadiliwa. Tunaonelea kwamba katika barua za ofisi neno hili lisiachwe peke yake. Iandikwe “mswada wa filamu”. Karani akisoma kwamba mswada umepitishwa, asije akadhani kuna sheria mpya.

Sasa tuchukue mfano. Mwalimu wa Mbinga ametakiwa aandike filamu fupi juu ya kilimo cha ngolo, naye anaanza hivi: “Wamatengo hulima ngolo katika miteremko ya milima ili kuzuia mmomonyoko wa udongo.” Katika taarifa ya kilimo sentensi hii haina kasoro. Mbele ya kamera haina msaada. Kiambishi hu- hueleza mazoea, yaani siku zote na watu wote, lakini kamera huona mtu mmoja, mahali pamoja, saa ile ile. Hata maneno “ili kuzuia” hayapigiki picha, kwa sababu ni nia, na nia haionekani. Mwandishi aiandike upya:

NJE. SHAMBA MTEREMKONI. ASUBUHI.
BABA anapanga nyasi zilizofyekwa katika mistari inayokingamana, hata panatokea miraba. MAMA anachimba udongo katikati ya mraba na kuutupia juu ya nyasi. Shimo linabaki katikati; pande zote nne pana matuta.

NJE. SHAMBA LILE LILE. MCHANA.
Mvua inanyesha. Maji yanateremka, yanaingia shimoni, yanatuama.

NJE. SHAMBA LISILO NA NGOLO. WAKATI ULE ULE.
Maji mekundu yanakimbia na udongo hadi bondeni.

Neno mmomonyoko halikutajwa, na hakuna mtazamaji atakayelikosa. Njeo ya -na- ndiyo iliyofanya kazi. Aliyelelewa kwa hadithi atavutwa na -ka- (akaingia, akaketi, akalia). Hiyo aiweke katika muhtasari wa kisa, ambako inafaa sana.

Wafasiri nao wajihadhari na kiambishi a-. Lugha nyingi za Ulaya hutenganisha mwanamume na mwanamke katika viwakilishi. Sisi husema “anaingia” kwa wote wawili. Katika riwaya msomaji hungoja kidogo akatambua. Katika mswada wa filamu jina lirudiwe kila linapohitajika, hata kama sikio la mwalimu wa insha litachukia.

Hata hivyo hu- haikufukuzwa kabisa. Makazi yake ni katika sauti ya msimulizi. Mradi wa majaribio ya sinema za elimu uliokuwa Vugiri, katika milima ya Usambara, kati ya mwaka 1935 na 1937, ulitia maelezo katika sahani za santuri zilizopigwa pamoja na picha, na hivyo picha zile zile ziliweza kuelezwa kwa lugha mbalimbali. Manufaa yake ni dhahiri. Hasara yake ni kwamba mwandishi mvivu humwachia msimulizi kila kitu, picha zikabaki kama mapambo ya hotuba.

Juu ya mgawanyo wa mswada: onyesho (mafundi wengi husema sini) hubadilika pakibadilika mahali au wakati. Tukitoka milima ya Umatengo tukashuka Mbamba Bay, ambayo tangu mwaka 2012 imo katika Wilaya ya Nyasa, hilo ni onyesho jingine. Shoti ni kipande kinachopigwa bila kuisimamisha kamera, na onyesho moja laweza kuwa na shoti nyingi. Tusiiite “picha”, maana picha ni ya ukutani, na mitaani ni filamu nzima.

Yamebaki mazungumzo. Nyumbani wakulima hawa husema Kimatengo, na mwandishi anaweza kukiacha hivyo na kuomba tafsiri iandikwe chini ya picha. Akichagua Kiswahili, kiwe cha watu walioko shambani. Tumesoma miswada ambamo mama mwenye jembe mkononi anasema, “Tunatekeleza kilimo cha kuhifadhi ardhi.” Huyo ni waraka uliovaa kitenge. Mama wa kweli angetazama tuta, akasema:

MAMA: Baba Maria, nyasi hizi chache. Udongo utapita.