Kodi ya Matumizi: Deni Lisilogonga Mlango

Miongoni mwetu wamo wazazi ambao watoto wao wameweka makao Marekani. Watoto hao wakifika huko hujifunza upesi habari za kodi ya mapato. Iko kodi nyingine ambayo wengi hawaijui, nayo yaitwa kodi ya matumizi.

Marekani kila jimbo lina mamlaka ya kutoza kodi ya mauzo. Majimbo 45 huitoza. Matano, yaani Alaska, Delaware, Montana, New Hampshire na Oregon, hayana kodi hiyo katika ngazi ya jimbo. Mwenye duka huichukua kwa mnunuzi na kuiwasilisha serikalini. Basi mkaazi wa jimbo la Washington akivuka mpaka akanunua friji Oregon, hulipa bei tupu. Je, amesalimika? La. Akiifikisha friji kwake na kuitumia, jimbo lake linamdai. Hiyo ndiyo kodi ya matumizi.

Washington iliianzisha mwaka 1935, na Mahakama ya Juu ya Marekani ikaikubali mwaka 1937. Hoja yake ni ya uadilifu: muuzaji wa nyumbani anayetoza kodi asiangushwe na yule wa ng'ambo ya mpaka asiyetoza. Naye aliyekwisha kulipa kodi katika jimbo jingine halipishwi mara mbili. Kwa kawaida hutoa tofauti tu, ikiwapo.

Taabu ilizidi biashara ilipohamia kwenye intaneti. Mwaka 1992 Mahakama hiyo iliamua kwamba muuzaji asiye na duka, ghala wala mtumishi katika jimbo fulani hawezi kulazimishwa kulikusanyia kodi. Deni likabaki kwa mnunuzi, na wengi hawakulilipa, ama kwa kutojua, ama kwa kujua kwamba hakuna aonaye. Tarehe 21 Juni 2018, katika kesi ya South Dakota dhidi ya kampuni ya Wayfair, majaji watano dhidi ya wanne waliitangua kanuni hiyo. Sheria ya South Dakota iliwagusa wauzaji wa mbali waliouza humo zaidi ya dola 100,000 kwa mwaka, au waliofanya mauzo 200. Majimbo mengine yakafuata, Missouri ikiwa ya mwisho mwaka 2023.

Hata hivyo, mtu asidhani kwamba jambo limekwisha. Wauzaji wadogo wasiofikia kiwango hawalazimiki kutoza, na bidhaa zinazoagizwa kutoka nchi za nje nazo zimo katika hesabu. Tuseme kijana aliyeko Ohio ameagiza sanduku la kuchongwa kutoka Lamu kwa dola 400, na muuzaji hakutoza kodi ya Ohio. Kiwango cha jimbo hilo ni asilimia 5.75, hivyo anadaiwa dola 23, mbali na nyongeza ya kaunti yake.

Sheria hutofautiana. Minnesota haitozi kodi mavazi ya kawaida, na humsamehe mtu binafsi ambaye manunuzi yake ya aina hii hayazidi dola 770 kwa mwaka. Kwa hiyo yafaa kila mmoja aulize sheria ya jimbo lake, wala asiishike ya jirani.

Katika fomu ya kodi ya mapato ya Ohio umo mstari wa kodi hii, na mwenye fomu hutia sahihi kwamba aliyoyaandika ni kweli. Aandikaye sifuri hali anajua kuwa anadaiwa, ametoa ushahidi wa uongo kwa mkono wake, kwa ajili ya dola chache. Wenye biashara nao wawe macho zaidi, kwani vitabu vyao vikikaguliwa, vifaa walivyonunua bila kodi huonekana, na deni hurudi likiwa na faini na riba.

Wazazi, mnapozungumza na watoto wenu kwa simu, wakumbusheni waweke stakabadhi za manunuzi pamoja, wazitazame kabla ya kujaza fomu, na walipe linalowapasa. Deni halifutiki kwa kuwa mdai hajabisha hodi.