Ugali wa Mbwa na Siri ya Ulimi Mweusi

Mkoani Mbeya mahindi ndiyo chakula kikuu, na mbwa alindaye nyumba au mifugo naye hupewa sehemu yake: ugali, ukoko wa sufuria au pumba zilizopikwa. Je, mnyama huyu, aliye wa ukoo mmoja na mbwa-mwitu wa Ulaya na Asia, aweza kuishi kwa nafaka?

Kumeng'enya nafaka anaweza. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, walionyesha kwamba mbwa-mwitu ana nakala 2 tu za jeni ya kimeng'enya cha wanga kitokacho kwenye kongosho, ilhali mbwa wa nyumbani ana nakala 4 hadi 30. Ugali ulioiva, basi, haumshindi.

Lakini kushiba si kulishwa vema. Mwanzoni mwa karne ya 20, nchini Marekani, mbwa waliolishwa hasa mahindi walipatwa na maradhi ya ulimi mweusi: vidonda mdomoni, kuharisha, na hatimaye kifo. Wakati huohuo maelfu ya watu maskini walioishi kwa mahindi walikufa kwa pelagra, maradhi yaletayo vidonda vya ngozi, kuharisha na kuvurugika akili. Daktari Joseph Goldberger alitambua kuwa chanzo chake ni upungufu katika chakula, akafanya majaribio kwa mbwa. Alifariki mwaka 1929 kabla ya kukijua kirutubisho chenyewe. Mwaka 1937 Conrad Elvehjem wa Chuo Kikuu cha Wisconsin aliwaponya mbwa kwa vitamini iitwayo niasini. Punde vitamini hiyohiyo ikawaponya watu.

Niasini imo katika mahindi, ila imefungamana kiasi kwamba utumbo hauwezi kuifyonza. Aidha, mahindi yana uhaba wa triptofani, asidi amino ambayo mwili huigeuza kuwa niasini. Wenyeji wa Mexico tangu kale huchemsha mahindi kwa maji ya chokaa, na hivyo niasini hufunguka.

Hatari hii haikuishia Marekani. Mwaka 1990 wakimbizi wa Msumbiji zaidi ya 18,000 waliokuwa Malawi, nchi inayopakana na Tanzania upande wa Mbeya, waliugua pelagra baada ya mgao wao wa karanga kukatika.

Kwa hiyo ugali wa mbwa uchanganywe na usipa wa Kyela, maharage yaliyopikwa au mabaki ya nyama. Mahindi yaliyoota ukungu asipewe kamwe, kwani sumu ya aflatoksini huharibu ini lake kama iharibuvyo ini la binadamu. Kisha mwenye mbwa atazame sahani yake mwenyewe: ugali bila kitoweo haumtoshi mnyama, wala haumtoshi mtoto.