Barafu ya Aktiki yayeyuka, vumbi la Gobi latimka

WAKAZI wa Beijing, mji mkuu wa China, walipoamka asubuhi ya Machi 15, 2021, walikuta jua limefifia na mbingu imegeuka rangi ya chungwa. Majumba marefu yalikuwa yamemezwa na vumbi, na safari zaidi ya 400 za ndege zikafutiliwa mbali.

Idara ya hali ya hewa ya nchi hiyo ilisema hiyo ndiyo dhoruba kali zaidi ya vumbi kuikumba China katika muda wa miaka 10.

Katika baadhi ya sehemu za jiji hilo, kiasi cha chembechembe za vumbi zinazoweza kuingia mapafuni kilipita mikrogramu 8,000 katika kila mita ya ujazo ya hewa. Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza wastani wa siku nzima usizidi mikrogramu 45.

Nchini Mongolia, ambako dhoruba hiyo ilianzia, mambo yalikuwa mabaya zaidi. Watu wasiopungua 10 walifariki, wakiwemo wafugaji waliofumaniwa na upepo katika nyika zisizo na pa kujisitiri.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Baadhi ya wanasayansi wanasema chanzo kimoja cha vumbi kama hilo kiko maelfu ya kilomita kutoka Jangwa la Gobi, katika barafu ya Bahari ya Aktiki iliyoko Ncha ya Kaskazini ya dunia.

Utafiti wa wanasayansi wa Finland uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kuwa tangu 1979, eneo la Aktiki limekuwa likipata joto kwa kasi inayokaribia mara nne ya wastani wa dunia nzima.

Sababu moja ni barafu yenyewe. Barafu iliyofunikwa na theluji hurudisha angani sehemu kubwa ya miale ya jua, ilhali maji ya bahari yenye rangi nzito huifyonza karibu yote. Kadiri barafu inavyopungua, ndivyo bahari inavyopata joto, na ndivyo barafu zaidi inavyoyeyuka.

<b>Mkondo wa upepo</b>

Kiasi cha kilomita 10 juu ya ardhi kuna mkondo wa upepo wenye kasi kubwa, unaoizunguka dunia kutoka magharibi kwenda mashariki. Nguvu zake hutokana na tofauti ya joto baina ya ncha yenye baridi na maeneo ya kusini yenye joto.

Mwaka 2012, watafiti wa Marekani Jennifer Francis na Stephen Vavrus walitoa hoja kwamba tofauti hiyo inapopungua, mkondo huo hupoteza kasi na kuanza kupindapinda, mfano wa mto uliofika tambarare. Pindo likielekea kusini huteremsha baridi ya Aktiki. Likielekea kaskazini hupandisha joto. Tena mapindo hayo huweza kukwama mahali pamoja kwa siku nyingi.

Kwa upande wa Asia, macho ya watafiti yameelekezwa kwenye Bahari za Barents na Kara, kaskazini mwa Urusi. Barafu inapopungua huko, wanasema, hewa yenye mgandamizo mkubwa huelekea kujikita juu ya Milima ya Ural na kuisukuma hewa baridi hadi Siberia na Mongolia. Hewa hiyo ikikumbana na yenye joto, tufani huzaliwa.

Lakini upepo peke yake hautoshi. Ni sharti ukute ardhi iliyo tayari. Kabla ya dhoruba ya 2021, Mongolia na kaskazini mwa China zilishuhudia joto lisilo la kawaida. Theluji iliyeyuka mapema na udongo ukabaki mkavu, wazi, kabla ya nyasi kuchipua. Isitoshe, Mongolia ilikuwa na mifugo zaidi ya milioni 60 iliyotegemea malisho hayo.

<b>Ubishi</b>

Hata hivyo, si wanasayansi wote wanaokubaliana. Wengine wanasema programu za kompyuta zinazoiga tabia ya hewa hazijaonyesha uhusiano wenye nguvu kati ya barafu ya Aktiki na kupinda kwa mkondo huo.

Aidha, rekodi za kaskazini mwa China zaonyesha kuwa dhoruba za vumbi zilipungua tangu miaka ya 1980 zikilinganishwa na miaka ya 1950 hadi 1970. Upandaji miti ulioanza mwaka 1978 hutajwa kuwa sababu mojawapo, lakini nyingine ni kupungua kwa kasi ya upepo, jambo ambalo kupungua kwa tofauti ya joto kunaweza kuchangia.

Joto la Aktiki, basi, ni msumeno ukatao mbele na nyuma: laweza kutuliza upepo kwa miaka kadhaa, kisha mwaka mmoja likaleta dhoruba isiyo na kifani. Machi 2023, Beijing ilifunikwa tena.

Vumbi hilo halijui mipaka. Wakorea huliita <i>hwangsa</i> na Wajapani <i>kosa</i>, na Aprili 2001 lilivuka Bahari ya Pasifiki hadi Amerika Kaskazini.

Kwa mfugaji wa Gobi, ubishi huu si wa vitabuni. Iwapo itathibitika kwamba hali ya barafu katika msimu wa baridi hutoa ishara ya upepo wa Machi, ataweza kuonywa mapema, akapata wasaa wa kuiondoa mifugo yake nyikani kabla mbingu haijageuka rangi.